Maisha ya Angèle Kabwe, Aliyeandika Alichokisia

Wachungaji, majirani wa Mantapala, wageni mliotoka ufukweni na nyote mliolala nasi matangani, familia imetutuma tusome maisha ya dada yetu Angèle Kabwe, Mama Princesse, na kwa kuwa yeye hakuvumilia mtu kusema kwa uhakika jambo asilolijua, pale tulipopima tutasema, tulipoambiwa tutasema, na tulipokisia tutakiri mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Pweto, upande wa Kongo wa ziwa hili la Mweru, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Fanwell Kabwe na mama Dada Mwewa. Tarehe hiyo tumeambiwa na mama, kwa maana cheti kiliungua pamoja na nyumba. Alisoma shule ya msingi hapo Pweto, akaenda Lubumbashi kwa sekondari, na mwaka 2002 akamaliza masomo ya ujenzi mjini humo, akiwa msichana pekee darasani, jambo ambalo hakupenda tulitaje na leo tumelitaja kwa kuwa hawezi kutukatiza.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani na Antoine Ilunga, ambaye yuko nasi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Princesse, Méschac na Djo. Mwaka 2017 vita viliwafukuza Pweto, wakavuka mpaka na watoto na sufuria moja, na mwaka 2018 wakapewa kiwanja hapa Mantapala, ambapo alianza kwa kulima mihogo kama sisi sote, kisha shirika moja la ujenzi wa zahanati likamwajiri chini ya injinia Kingsley Nsama wa Nchelenge.

Kazi yake, kwa wasioijua, ilikuwa kujenga jengo ndani ya kompyuta kabla halijajengwa kwa matofali, ili ionekane litakuwa na joto kiasi gani na litakula umeme wa jua kiasi gani, na kompyuta hiyo hujibu kulingana na unachoilisha: unene wa ukuta, rangi ya bati, idadi ya watu watakaolala ndani, madirisha yatafunguliwa saa ngapi. Wengine huilisha namba na kunyamaza, lakini yeye kila namba aliiandikia ilikotoka, nimepima, nimeambiwa, au nimekisia, na orodha hiyo aliiweka mwanzoni mwa ripoti, mahali ambapo kila mtu angeiona. Mkubwa mmoja wa ofisi alimwomba aiondoe, akidai wafadhili watatishika wakiona makisio mengi namna hiyo, naye akamjibu kwa lugha yetu, "Mukitosha ile paje, mutoshe na jina yangu," yaani wakiuondoa ukurasa ule waliondoe na jina lake, na ukurasa ukabaki.

Wodi ya uzazi ya kwanza aliyoipigia hesabu ilifunguliwa mwaka 2021 katika kijiji kimoja cha ufukweni, hatutakitaja, wenyewe mpo. Kabla mwaka haujaisha wodi ilikuwa tanuri, feni zilizunguka usiku kucha hadi betri zikaisha na taa zikazimika mama akiwa katikati ya uchungu, wazazi wakaanza kujifungulia nyumbani, watu wakasema mafundi wameiba paneli, na ofisi ikataka jengo lifungwe kabisa. Nesi Ireen Chipego, msimamizi wa wodi, hakukubali, akamwita Angèle aje aone kwa macho yake.

Alikuta madirisha yote yamefungwa na kuzibwa vitenge, mbabula ya makaa inachemsha maji ya kumkandia mzazi, na kando ya kila kitanda bibi na shangazi wamelala chini, wakimlinda mama na baridi kama tunavyolindana sote pande zote mbili za ziwa. Kwenye ukurasa wake palikuwa pameandikwa, madirisha yatakuwa wazi usiku, nimekisia. Na huyu ni mwanamke aliyejifungua mara tatu, aliyefungiwa ndani na mama mkwe wake na kumwagiwa maji ya moto mpaka akapiga kelele, akayasahau yote alipokaa mbele ya kompyuta, alicheka hapo wodini mpaka machozi yakamtoka, kisha akasimama kwenye mkutano akasema, "Hii ni kosa yangu, na iko imeandikwa." Kwa kuwa iliandikwa, injinia Kingsley hakuhitaji kubomoa wala kumtafuta mwizi, alirekebisha palepale palipokosewa, wakatoboa matundu juu karibu na paa, wakajenga banda la kuchemshia maji nje, na wodi ile inazalisha hadi leo.

Maradhi ya figo yalimshika Novemba 2024, akatibiwa Nchelenge, kisha Mansa, na Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025 akatutoka. Kitandani alikuwa akimalizia hesabu ya wodi ya pili, itakayojengwa hapa Mantapala, amepima kuta, ameuliza bibi wangapi watalala ndani, na limebaki kisio moja tu, kwamba matundu ya juu hayatazibwa. Alimwambia Antoine, "Kwa kilio bamama batakuya bengi, mubaulize, na basiseme ndiyo juu ya kunihurumia."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, nesi Ireen, wafanyakazi wenzake, kwaya, na majirani mliotuletea unga, samaki na kuni, hatuna cha kuwalipa.

Matofali yanaanza kupangwa Jumatatu. Kwa hiyo, akina mama, kabla hatujamteremsha, tunawauliza kama alivyotuagiza: upepo ukipita juu ya vichwa bila kumgusa mzazi, matundu yale mtayaacha wazi, au mtayaziba? Atakayeyaziba aseme bila haya, yeye ndiye tunayemhitaji zaidi, injinia Kingsley yuko hapa anasubiri.

Angèle, dada yetu, lala kwa amani sasa, swali lako tumeliuliza.