Msilifukie Shimo la Makote

Sogezeni mkeka huku kwangu, wanangu, na mlango uacheni wazi, maana tangu jana silali wala sikai. Nikilazwa ubavu huu nautaka ule, nikigeuzwa naurudia huu, na masikio yangu hayatulii, yanasikiliza majembe huko msituni hata pale Cecilia anaponiapia kwamba hakuna anayechimba. Vitalis, wewe ndiye mkubwa, kaa huku kichwani. Cecilia, nishike mgongo. Na wewe Erasto usisimame mlangoni kama mpita njia, ingia ukae, maneno mengi ya leo ni yako.

Nianze na mali, asije mtu akasema Mama Vitalis alikufa bila kugawa. Mikorosho ya juu, ya kuelekea Makote, ni ya Cecilia na watoto wake baada yake, kwa kuwa kwetu ardhi hupitia kwa mama, na sitaki kusikia kwamba siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na malori mpaka mlangoni, basi na utaratibu huo nao umebinafsishwa. Ya bondeni achukue Vitalis, aliyeipalilia na kuipulizia dawa wakati ninyi wengine mmeitupa kwa vile bei ilikuwa imekufa. Mpaka wenu mliogombania ni ule mkorosho uliopinda, nimeupanda kwa mkono wangu, na ugomvi huo uishe leo, nikiwa nawaona. Nyumba ni ya atakayekubali kulala ndani yake.

Msitu wa mteremkoni simgawii mtu. Nigeuze, Cecilia. Hapana, rudisha.

Tangu watangaze biashara huria, kila mwenye viatu vizuri anapanda huku Newala kutafuta kitu. Wa korosho sikuwalaumu, wao walau walikuja na mizani. Kisha akaja yule mgeni wako, Erasto, na mashine yake ya kunusa chuma, akasema Mjerumani alipokuwa anakimbia vita alifukia rupia za dhahabu kwenye msitu wetu na kuchora alama kwenye miti ili aje azichukue. Mkazunguka kiangazi kizima mnafyeka vichaka na kubandua kuvu kwenye magome, na kila mlipopata mti wenye mistari mlirudi hapa mmechanikachanika, mnacheka kama watoto wa likizo. Ulikaa hapo hapo ulipokaa sasa, macho yanawaka, ukanieleza mistari ile inavyoshuka, inavyopinda, inavyorudi juu, ukasema ni herufi za Kijerumani. Ulinieleza huku unanitazama usoni, mwanangu. Usoni!

Lete taa. Nitazameni mashavu yangu vizuri, acheni adabu za kuinamisha kichwa. Inashuka, inapinda, inarudi juu. Mnaiamkia shikamoo kila asubuhi.

Nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka, Mjerumani na Mwingereza walipoleta vita vyao juu ya uwanda huu. Baba yangu alikamatwa abebe mizigo, akafungwa kamba moja na wenzake, wakateremshwa njia ya Masasi. Askari wakarudi kutaka chakula, na baada ya chakula wakataka watu, ndipo mama akatukimbiza msituni, mimi kwa mkono na mdogo wangu mgongoni. Kila tulipogeuka njia alichukua kisu akauchanja mti chale za uso wake mwenyewe, ili baba akirudi ajue mkewe kapita wapi. Hawakujua kusoma hao, lakini baba aliujua uso wa mama, na askari angeona mti wenye makovu tu. Miti imenenepa na chale zimetanuka, kama zangu zilivyolegea. Mimi nilichanjwa zile zile nilipokua. Baba hakurudi.

Na pale mashine ilipolia mkaanza kuchimba, amelala mdogo wangu. Homa ilimkamata na maji yalikuwa bondeni, na bondeni kulikuwa na askari. Mama hakuwa na sanda. Alivua bangili zake za shaba zote, akamvika mikononi na miguuni, zikampwaya, akamfukia. Hiyo ndiyo dhahabu ya Mjerumani.

Mmekuwa mkijiuliza kwa nini nilishuka shimoni mwenu nikakaa, mpaka mgeni akacheka na Vitalis akanitoa kwa kunibeba mgongoni huku mvua inatupiga. Sikurukwa na akili. Niliona mmefika kiunoni, na sauti ya kuwaambia sikuwa nayo. Homa ya mvua ile ndiyo inayonichukua, simlaumu mtu. Lakini Erasto, uliposoma shule ulituma salamu nisije siku ya wazazi, wenzako wasiione ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wangu wa juu, wala chale zangu. Ndonya niliivua. Chale hazivuliki. Iliniuma, inaniuma mpaka sasa, na ninaitamka ili nisiende nayo. Nimekusamehe. Maji... kidogo tu.

Najua mgeni yuko Masasi, ananingoja nife apande tena. Mmoja wenu ndiye anayempelekea habari zangu, na simtaji.

Basi shikeni hili. Msinipeleke kwenye makaburi ya kanisa. Padri mwambieni nimetaka mwenyewe, aje asalie kule kule. Shimo lile msilifukie, na msilizidishe hata kiganja. Nilazeni humo, juu ya mdogo wangu. Halafu mgeni akija na mashine ikalia, msigombane naye, mpeni jembe, mwambieni aanze na mama yenu.

Mungu awape watoto wanaowatazama usoni. Awazuilie mvua mikorosho ikiwa na maua. Vitalis, usimpige mdogo wako nikishaondoka. Cecilia, chumvi imo... acha, utaiona.

Erasto. Mti wa kwanza, wa kuingilia njia, umeoza ndani, niliupapasa nilipopita. Chanja mwingine jirani yake. Baba yangu hajui... hajui tuliko. Njoo. Lete kidole. Anzia hapa chini ya jicho. Teremka. Sasa pinda. Usilie, utakosea mstari. Rudi juu... polepole... ndivyo. Mkono wako mwepesi, mwanangu. Kama wa mama.