Risala kwa Mwenyekiti wa Bodi: Nafasi Aliyoipata Dkt. Odessa, na Wodi ya Wazazi ya Tamarack Bay

Mgeni rasmi, Bi. Arlene Koskela, mwenyekiti wa bodi ya hospitali yetu. Mkuu wetu wa mafunzo, Dkt. Niskanen, wauguzi, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mchana huu:

Makaribisho

Karibu sana, mama. Tunajua barabara ya ziwani bado ina barafu, nawe umekuja ukiendesha mwenyewe kama kawaida yako. Pasti, zile sambusa kubwa za huku kwetu za nyama na viazi, zimeokwa na wauguzi wa zamu ya asubuhi. Wanaozila kwa sosi ya nyanya na wanaozila kwa mchuzi mzito wamewekwa meza moja kwa makusudi, na wameahidi kutogombana mbele ya mgeni.

Leo ni Ijumaa ya matokeo. Kote nchini, wanafunzi wanaomaliza udaktari wanafungua bahasha na kujua ni hospitali gani itawapokea kwa mafunzo ya ubingwa. Sisi tunaojifunza udaktari wa familia hapa Tamarack Bay tumepata wenzetu wapya, na nafasi zote zimejaa. Tungeweza kuishia hapo, tukala. Lakini tumeona tukusimulie habari za mwenzetu mmoja, Dkt. Odessa Braithwaite, anayemaliza mafunzo yake Juni hii.

Tulikotoka

Wengi wetu tuliingia kwa mlango wa mbele. Mwanafunzi anaandika hospitali anazozipenda, kuanzia anayoipenda zaidi. Hospitali nazo zinaandika wanafunzi zinaowataka. Kisha kompyuta inawafungisha ndoa. Odessa hakupata mchumba.

Alitaka upasuaji wa mifupa, fani inayogombewa na wengi. Alikulia Detroit, mama yake ana saluni, na Jumatatu ya wiki ya matokeo ya mwaka wake, siku ambayo mwanafunzi huambiwa tu kama amepata au amekosa, alikuwa pale saluni akimsaidia kuosha nywele za wateja, ili mikono ipate cha kufanya. Ujumbe wa kwamba amekosa ulipoingia kwenye simu, aliusoma, akairudisha simu mfukoni, akamalizia kichwa alichokuwa anakiosha. Mama yake alimwona kwenye kioo, akangoja mteja aondoke ndipo amuulize.

Baada ya Jumatatu hiyo huwa zinabaki siku chache za kugombania nafasi zilizosalia. Odessa aliomba za kila aina, udaktari wa familia ukiwemo. Kanuni za siku hizo hazimruhusu mwanafunzi kuzipigia simu hospitali. Anasubiri apigiwe yeye. Alipigiwa mara mbili, akahojiwa akiwa amekaa ndani ya gari nyuma ya saluni, na Alhamisi ikaisha bila mtu kumchukua.

Ijumaa alikwenda kwenye sherehe ya chuo. Angeweza kubaki nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini rafiki yake Gretel alikuwa na mtoto mchanga na alihitaji mikono miwili ya kufungulia bahasha. Basi Odessa akambeba mtoto. Gretel aliposoma jina la hospitali akalia kwa furaha, Odessa naye akalia, na ametuambia kwamba hadi leo hajui kilio chake kile kilikuwa cha nini.

Wiki iliyofuata, kipindi kile kilipokwisha na ruhusa ya kupiga simu ikarudi, alianza kupiga. Alipiga kusini, akapiga magharibi. Wengi walimjibu kwa upole kwamba hawana kitu. Alipopiga hapa, kijana aliyekuwa amepangiwa kwetu alikuwa ameomba aachiliwe, baba yake amepata kiharusi. Dkt. Niskanen akaichukua simu mwenyewe.

"Unataka kuja huku," alimuuliza, "au umekosa pa kwenda?"

"Nimekosa pa kwenda," Odessa akasema. "Lakini nikija, nitafanya kazi."

"Nimeambiwa wewe ni mtu wa mifupa."

"Ndiyo, daktari. Sitakuficha."

"Huku watu wanaanguka kwenye barafu tangu Novemba mpaka Aprili. Mifupa hutaikosa. Njoo nikuone."

Alikuja theluji ikiwa bado magotini, amevaa viatu vya mjini. Dkt. Niskanen hakumkalisha ofisini. Alimchukua kwenda kumwona mzee mmoja mwenye kisukari aliyekuwa hataki kukatwa kidole cha mguu. Odessa akakaa chini sakafuni, akaushika ule mguu, akazungumza na mzee juu ya mbwa wake kwa muda mrefu kabla ya kukitaja kidole. Walipotoka nje mzee alikuwa amekubali. Dkt. Niskanen alimwambia asiende kulala hotelini, mkewe ameshawasha moto wa sauna, bafu la mvuke la nyumbani kwao.

Hapa, mgeni rasmi, ndipo ulipoingia wewe. Suala lilipofika kwenye bodi uliuliza, "Kama wengine wote wamemkataa, kwa nini sisi tumchukue?" Dkt. Niskanen akakujibu kwamba yeye alishamwona kazini, hao wengine walikuwa bado. Ukatia saini. Hatulikumbushi hilo kwa ubaya. Swali lilikuwa la haki, na Odessa mwenyewe alikuwa akijiuliza swali hilohilo kila asubuhi akivaa koti jeupe, mwaka mzima wa kwanza.

Tulichofanikiwa

Aliacha kujiuliza majira ya baridi ya mwaka wa pili. Dhoruba ilifunga barabara ya kwenda hospitali kubwa ya mjini, na Jolene Paavola, mke wa dereva wa mtambo wa kuzoa theluji, akaletwa na uchungu. Dkt. Niskanen alikuwa amekwama upande wa pili wa daraja. Kichwa cha mtoto kilitoka, kisha mabega yakagoma. Kila daktari anaijua hofu ya dakika hiyo. Wauguzi waliinua magoti ya Jolene mpaka kifuani, mmoja akabonyeza juu ya kinena, na bega halikusogea.

"Jolene, usisukume," Odessa alimwambia. "Nitazame mimi. Sasa naingiza mkono, utanikasirikia, halafu utanisamehe."

Akautafuta mkono wa nyuma wa mtoto, ule wa upande wa mgongo wa mama, akaupata, akautoa kwanza, na mtoto akafuata. Alikuwa wa bluu, kisha akawa mwekundu, kisha akawa na kelele. Odessa alitoka hadi kwenye ngazi, akampigia mama yake saluni. Mama akamuuliza kama bado anaitaka mifupa.

"Sijui, mama," alisema. "Leo nimesahau kuitaka."

Tangu siku ile, wajawazito wa ukanda huu wanamuulizia kwa jina. Na sisi tuliomfuata ametufundisha kupokea watoto kwa utulivu uleule, akiwa amesimama nyuma yetu, mikono mfukoni.

Linalotukwaza

Tumesikia kwamba bodi inafikiria kuifunga wodi ya wazazi. Hatudai kujua uzito wote ulio mezani kwenu. Tunalojua ni kwamba wodi ikifungwa, Jolene mwingine atajifungulia barabarani, na anayetaka kujifunza udaktari wa familia hatakuwa na sababu ya kutuandika, awe anakuja kupitia kompyuta au kwa simu yake mwenyewe.

Lipo na jingine. Odessa ameomba abaki hapa baada ya Juni, na bado hajajibiwa. Hospitali ya Detroit, karibu na mama yake, imeshamwita, na inataka jibu lake wiki ijayo. Alitukataza tusiliseme hili. Tulipiga kura, akashindwa.

Ombi letu

Tunaomba wodi ibaki wazi, na Dkt. Odessa apewe ajira. Tunaomba pia kwamba siku nafasi nyingine itakapoachwa wazi nje ya utaratibu, mkuu wetu wa mafunzo aruhusiwe tena kuipokea simu mwenyewe.

Odessa hayupo hapa leo; Jumatatu ana zamu pamoja nasi. Atajifanya hataki kujua umesema nini, atauliza habari za wagonjwa, ataosha mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tungependa tuwe na la kumwambia.

Mungu akurudishe nyumbani salama, akulindie macho yako barabarani na watu wako wote mezani.

Ni sisi,
Madaktari tunaojifunza udaktari wa familia, Hospitali ya Tamarack Bay, Michigan.
Imesomwa kwa niaba yao na Dkt. Anselm Thibodeaux, mwaka wa kwanza.