Uso Kwanza, Gauni Baadaye: Risala ya Wapiga Video kwa Mkurugenzi wa Kumbi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kumbi za Jiji, Afisa wa Vibali uliyefuatana naye, mwenyekiti wetu, majirani zetu mafundi cherehani wa ghorofa ya juu mliotuazima viti, wake, waume na watoto wetu mliokuja kushuhudia:

Karibuni sana.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, umeteremka ngazi zetu na umeona ya tatu imelegea. Pole. Chumba hiki kilikuwa stoo ya matairi, ndiyo maana bado kinanuka mpira hata tukideki vipi. Kuta za nyuma ni nyeusi kwa masizi, na hatukuzipaka rangi kwa makusudi. Mpiga video anahitaji giza la kujaribia kamera kuliko anavyohitaji ukuta wa kupendeza. Mwanga wetu wote unatoka kwenye dirisha lile moja la barabarani.

Aliyeandika risala hii hakukaa sana darasani, kwa hiyo hatutazunguka mbuyu. Tuna ombi moja tu leo, nalo linamhusu mtu mmoja, mwenyekiti wetu, tunayemwita Mzee Stendi kwa sababu akishika kamera haitikisiki, kama imekaa kwenye stendi ya miguu mitatu. Ofisi yako imemnyima kitambulisho cha kupiga video katika kumbi za jiji. Tunataka akipate. Mengine yote utakayosikia ni maelezo ya kwa nini.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kikundi chetu kilianza enzi za kamera za kanda, zile za kubeba begani kama gunia. Zama hizo fokasi ilikuwa ya mkono. Unazungusha pete ya lenzi kwa vidole huku bibi harusi anakuja, na ukichelewa kidogo tu, uso wake unageuka ukungu. Harusi hairudiwi. Huwezi kumwambia bwana harusi, "Hebu toka uingie tena, hukutokea vizuri."

Wapiga video wote waliomo humu wamefundishwa na Mzee Stendi. Alikuwa anamtembeza mtu na sinia kichwani kutoka mlangoni hadi dirishani, na wewe unamfuata na pete. Ukimpoteza, mzee anapiga kelele, "Umempoteza! Nenda ukamwombe radhi!" Na ulikuwa unakwenda kweli. Ikawa desturi yetu mpaka leo. Mtu ukimpoteza kwenye kazi, unamfuata baada ya shughuli, unamwambia ana kwa ana, "Samahani, nilikupoteza." Wengi hawatuelewi. Bibi mmoja aliwahi kumjibu mwenzetu, "Umenipoteza wapi, mwanangu, na mimi nimekaa hapa hapa tangu asubuhi?" Lakini inasaidia. Ukishamwomba radhi mama wa watu, siku nyingine vidole havilali.

KAMERA MPYA

Baadaye zikaja hizi kamera ndogo zisizo na kioo ndani, zenye fokasi otomatiki. Mzee Stendi alikuwa wa kwanza kuzibeza. Alisema, "Kamera inayotafuta uso yenyewe? Kesho mtaniletea sufuria inayojipikia." Tukanunua moja ya kikundi, tukaifanyia mtihani humu humu.

Tunaye mwenzetu mnene, mwenye ndevu, tunamwita Bibi Harusi, kwa sababu ndiye anayejitanda shuka jeupe na kutembea wakati wa majaribio. Alisimama pale kwenye ukuta mweusi, akaja hadi dirishani. Kamera ikamshika jicho tangu gizani, haikumwachia. Tukamvika kofia, ikamshika. Tukampitishia watu mbele, wakampita, ikarudi kwake yenyewe. Tukamgeuza mgongo, ikangoja. Alipogeuka tena, ikamkamata kabla hajamaliza kutabasamu. Mzee Stendi akasema, "Leteni hiyo sufuria."

Hatukudanganyi kwamba haina kasoro. Kwenye sherehe moja ya shule, mlezi wa shule alikuwa anahutubia, na nyuma yake kuna bango kubwa lenye picha yake mwenyewe. Kamera ikaona nyuso mbili, ikachagua ule wa bango. Hotuba nzima, mlezi wa karatasi anang'aa, mlezi wa nyama na damu ni ukungu. Tulikwenda kumwomba radhi kama ilivyo desturi. Alipoitazama video akasema, "Afadhali hivyo. Kwenye bango nilikuwa bado na nywele." Tangu siku hiyo tunakagua kuta kabla ya kukagua watu, na kidole chetu ndicho kinachoiambia kamera ni uso upi wa kufuata. Vilevile, shela likiwa zito, kamera inashika nyuzi za shela na kumwacha aliyemo ndani. Hapo tunarudi kwenye pete ya mkono. Kamera inajua jicho liko wapi. Haijui nani ni mama wa bibi harusi na nani ni jirani aliyekuja kula. Hiyo ni kazi ya mtu.

Mwanga nao tulihangaika nao. Ukiiachia kamera ijikadirie, ikiona gauni jeupe inadhani dunia nzima inawaka, inapunguza mwanga. Gauni linatoka zuri, na bwana harusi mweusi kama sisi anatoka kivuli kilichovaa tai. Watu wa rangi yetu wamekuwa vivuli kwenye video za harusi zao wenyewe kwa miaka mingi, na wanalipia. Tukakataa. Kikundi hiki kina sheria moja iliyoandikwa juu ya mlango: Uso kwanza, gauni baadaye. Tunapima mwanga kwenye uso wa aliye mweusi kuliko wote katika familia, tunaufunga hapo, kisha tunaushusha kidogo kidogo hadi nyuzi za gauni zionekane. Na hatuuachi ujibadilishe wenyewe katikati ya msafara, maana uso utapanda na kushuka kama taa ya umeme wenye kukatika.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, hapa tunaomba tujisifu, maana asiyejisifu kwenye risala atajisifia wapi?

Leo hakuna familia mtaani inayotuuliza kama nyuso zitaonekana. Zinaonekana. Mafundi cherehani wa juu walikuwa wanawaambia wateja washone suti nyeupe ili waonekane kwenye video. Sasa wanashona rangi yoyote. Mabibi wanaoketi safu ya nyuma, ambao kamera za zamani ziliwafanya madoa, sasa wanajiona mpaka mikunjo, na baadhi wamelalamika. Tumelipokea lalamiko hilo kwa furaha.

Na kazi kubwa kuliko zote unaijua, kwa sababu ilifanyika nyumbani kwako. Harusi ya mwanao ilikuwa uani kwenu, si kwenye ukumbi wa jiji, kwa hiyo haikuhitaji kitambulisho. Tulikuja na kamera mbili. Moja ya mbali, ya fokasi ya mkono, na moja ya karibu, hii mpya. Bwana harusi alipotoka kwenye korido yenye giza kuja kwenye jua, kila mtu alimtazama yeye. Aliyeshika kamera ya karibu hakumtazama. Aliigeuza kwa bibi yake, yaani mama yako mzazi, aliyeketi peke yake karibu na nguzo. Mwenzake akamnong'oneza, "Mzee, huko kuna nini? Bwana harusi yuko huku!" Akajibu, "Bwana harusi anatembea tu. Yule analia. Tazama mabega." Akaweka kidole kwenye skrini juu ya umbo la bibi. Kamera ikalishika jicho. Watu wakakatiza mbele, haikumwachia. Ndipo mwanao akaja, akapiga magoti mbele ya bibi yake, na machozi yale yanaonekana hadi moja lililobaki kidevuni.

Ulipoitazama, ulimpigia simu dada yetu anayehariri, tunayemwita Shangazi. Ulimwambia, "Aliyempata mama yangu vile, nataka nimwone." Ndiyo sababu uko hapa leo.

Mgeni rasmi, ni Mzee Stendi.

KINACHOTUBANA

Mzee wetu ana presha ya macho. Daktari amesema dawa italinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Anawaona watu. Anaona rangi, anaona nani anainuka na nani amejiinamia. Kitu asichokiona ni ule ukingo mwembamba kwenye skrini ndogo, unaokuambia kwamba hapa fokasi imekaa na hapa imepita. Kwa maneno mengine, kilichomtoka ndicho hasa kile ambacho kamera hii inakifanya.

Jaribio la ofisi yako linakwenda hivi. Unapewa kamera, fokasi otomatiki imezimwa, mtu anatoka mlangoni anakuja dirishani na kurudi, nawe unazungusha pete. Hatulisemi vibaya jaribio hilo. Sote tumelipita. Na tuseme ukweli wote: ni Mzee Stendi aliyelipeleka kwa aliyekutangulia kwenye kiti hicho, akaomba liwekwe, ili kumbi zisijae watu wasiojua kazi. Lilikuwa jaribio zuri kwa kamera za wakati ule.

Mwaka huu, kitambulisho chake kilipoisha muda, amelifanya tena, na katikati ya chumba akampoteza mtembeaji. Alipomaliza hakubishana na mtu. Alikwenda kwa mtembeaji akamwambia, "Samahani, ndugu yangu, nilikupoteza." Afisa wa Vibali akaandika kwamba ameshindwa. Afisa, hatukulaumu. Tungekuwa sisi tungeandika vilevile.

Tangu hapo, tukiwa na kazi ukumbini, mzee anabaki nje getini akilinda masanduku ya vifaa. Wanaomfahamu wanapita wanamtania, "Mzee, siku hizi umekuwa askari?" Anawajibu, "Nalinda ukumbi usikimbie." Wanacheka, na yeye anacheka. Sisi ndani hatucheki. Mara tatu tumetoka na video safi ambayo haina kitu. Nyuso zote zimo, wazi kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ageukie wapi pale jambo lilipotokea. Macho yetu mazima, kazi yetu pofu.

Afisa wa Vibali alituuliza swali la haki mlangoni: "Na fokasi hiyo ikigoma?" Jibu ni kwamba hatujawahi kwenda kazini mtu mmoja, na kamera ya pili daima ni ya mkono. Hilo tuko tayari mliweke kuwa sharti kwa yeyote mwenye macho kama yake.

OMBI LETU

Mwenyekiti alipojua tunaandika risala hii, alitutisha. "Mkiniombea huruma natoka, na kamera natoka nayo." Kwa hiyo huruma hatuombi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye alikubali. Tunaomba apimwe tena kwa kamera anayofanyia kazi, na anayepima atazame picha iliyotoka, asitazame vidole vilivyoitoa. Uso ukiwa wazi, apite. Ukiwa ukungu, ashindwe kama mwingine yeyote.

Tena hatutaki ungoje mpaka urudi ofisini. Mgeni rasmi, jambo hili halipo kwenye ratiba, na mshereheshaji atatusamehe. Tunaomba uinuke. Nenda hadi ukuta mweusi ule, alipokuwa anasimama Bibi Harusi wetu. Kisha tembea kwa mwendo wako mwenyewe mpaka dirishani, na urudi. Mafundi cherehani watakatiza mbele yako mara moja au mbili, tumekwisha kuwaomba. Umevaa nyeupe leo. Hatukukuambia uvae nyeupe, ni bahati yetu. Mzee Stendi atakupiga video kwa kamera hii, na utajiona hapo hapo kwenye skrini kubwa, wewe na kila aliyeketi humu.

Ukijiona ukungu, hata kwa hatua moja, mzee atakuja kukuomba radhi kama ilivyo desturi, na suala hili hutalisikia tena kutoka kwetu. Ukijiona wazi kutoka gizani hadi kwenye jua na kurudi, uso kwanza na gauni baadaye, basi Afisa wa Vibali amekuja na mhuri. Tumeuona ukichungulia mfukoni mwake.

Mungu aijaze nyumba yako vicheko, ampe mama yako maisha marefu ya kujitazama kwenye ile video, na kila uendako upokelewe kwa uso mkunjufu.

Mzee ameshika kamera. Haitikisiki. Tunakusubiri wewe tu, mgeni wetu.

Ni sisi,
Ushirika wa Wapiga Video wa Ghorofa ya Chini