Kinga ya Dominique Mwepu Iliyopelekwa Kambove

Wasikilizaji wapendwa, anayepiga pasi aiweke pembeni kidogo. Mwenye sufuria jikoni apunguze makaa. Leo tunamkumbuka Dominique Mwepu, wa Kikula, hapa Likasi. Alituacha Jumapili iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane.

Dominique alikuwa fundi umeme. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Koni, kwenye mto Lufira. Wengi wenu mmewasha taa nyumbani bila kujua kwamba kule mtoni kulikuwa na mtu mfupi, mkimya, anayesikiliza mashine kama daktari anavyosikiliza kifua. Alipostaafu alijinunulia kinga ya umeme, baiskeli yenye batri. Mkewe, Mama Germaine, alikuwa amekwisha kufariki. Kila asubuhi Dominique alipanda kinga yake, akaenda makaburini, akarudi. Hakuwa na safari nyingine.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Fortunée, mkunga katika kituo kidogo cha afya upande wa Kambove. Lakini baba na binti hawakuwa wakizungumza. Siku ya mazishi ya Mama Germaine, Fortunée alikuwa na mama aliyeshindwa kujifungua. Hakuweza kumwacha. Alipofika Likasi, kaburi lilikuwa limefunikwa. Dominique alimkuta mlangoni, mbele ya watu wote, akamwambia: “Umechelewa. Rudia kule ulitoka.” Fortunée akageuka, akarudi. Ikapita miaka sita. Sikilizeni vizuri, miaka sita.

Basi mwaka huu, sokoni Kikula, Mama Deborah muuza samaki alimwambia: “Papa Dominique, nilimuona mutoto yako kule Kambove. Iko natembea na miguu mpaka kazi. Kilomita tisa kwenda, tisa kurudi. Na mvua yote hii!”

Dominique alilipia samaki wake, akawasahau mezani pa Mama Deborah.

Jumamosi iliyofuata alitoa gari lake, Toyota ya zamani. Alitaka kumpelekea Fortunée kinga. Shida ni kwamba ile kinga ilikuwa na kilo thelathini na saba, na gari halikuwa na crochet, ile ndoano ya nyuma ya kufungia kibebeo cha baiskeli. Ricky, fundi wa gereji, alikuwa amekwisha kumwonya: “Juu ya gari usijaribu, Papa. Itavunja paa ya gari, na weye itakuvunja mugongo.”

Ikabaki njia moja, kuiingiza ndani. Dominique alilaza viti vya nyuma. Akatoa batri kwanza, akaizungushia taulo, akaiweka chini mbele ya kiti cha abiria. Akafungua gurudumu la mbele na pedali. Akalegeza usukani, akaugeuza ulale sambamba na fremu. Kisha akaegemeza ubao kwenye mlango wa nyuma, akausugua sabuni, akaanza kusukuma.

Kinga ikapanda hadi nusu, ikarudi. Akapumzika, mkono kifuani. Akasukuma tena, ikarudi tena. Alianza saa mbili asubuhi. Ilipoingia yote, upande wa mnyororo ukiwa juu, ilikuwa saa nne na nusu. Akaifunga kwa vipande vya mpira wa tairi ili isiteleze.

Jirani yake, Alphonse, aliyaona yote kutoka upande wa pili wa ukuta. Ametuambia: “Nilimuona. Nilisema ataniita. Unajua Papa Dominique, ukimuuliza anasema, ‘Minye niko muzuri.’ Basi nikangoja aniite. Hakuniita.”

Dominique akaendesha polepole hadi Kambove, kila shimo akilisikia mgongoni. Alipofika, mlango wa Fortunée ulikuwa umefungwa. Namba ya simu alikuwa nayo, miaka yote sita alikuwa nayo. Hakupiga. Akakaa garini tangu saa sita mpaka saa kumi, vioo vimefunguliwa, mikono juu ya usukani.

Fortunée akaja kwa miguu, matope mpaka magotini. Akasimama.

“Papa?”

Dominique akashuka, hata bonjour hakusema. Akafungua mlango wa nyuma. “Kinga hii iko muzito,” akasema. “Shika kule nyuma, minye nitashika hapa.”

Fortunée anakumbuka: “Hakuniomba pardon, na minye sikumuomba. Tulibeba kinga pamoja, yeye mbele, minye nyuma. Mara mbili alisimama kupumua. Nikafanya sikuona.”

Dominique akarudisha gurudumu, pedali na batri, akamfundisha binti yake namna ya kuchaji. Wakala bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga. Fortunée akamwambia alale. Dominique akakataa: “Kuku zangu nani atazifungia?” Akaondoka kabla ya jua kuzama. Tangu siku hiyo, njia ya makaburini alikwenda kwa miguu.

Jioni ya kesho yake simu ya Fortunée ikalia. “Batri iko ngapi?” “Iko sitini kwa mia, Papa.” “Bon.” Akakata. Kesho yake tena, na kesho yake tena. Jioni moja akaongeza swali: “Leo ulizalisha wangapi?” Fortunée akajibu: “Wawili, Papa. Mapacha.” Dominique akasema: “Mama yako angefurahi.”

Hilo tu. Wiki tatu, wasikilizaji wapendwa, wiki tatu tu walizungumza hivyo.

Jumapili simu haikulia. Fortunée akapiga yeye. Iliita, hakuna aliyepokea. Jumatatu alfajiri akapanda kinga, akaja Likasi. Milimani batri ilichoka, akakanyaga pedali kwa nguvu zake mwenyewe. Yeye na Alphonse walisukuma mlango. Dominique alikuwa kitandani, amelala upande mmoja, viatu vyake vimepangwa vizuri chini. Moyo, alisema daktari.

Fortunée anasema: “Sikujua nifanye nini. Kuku zilikuwa zinalia. Nikatoka, nikazipa chakula. Halafu ndiyo nikalia na minye.”

Dominique Mwepu alizikwa Jumatano, kando ya Mama Germaine. Safari hii Fortunée alikuwapo tangu jembe la kwanza.

Kwako Fortunée, na kwa ukoo wote wa Mwepu, pokeeni pole zetu, za studio hii na za wote wanaotusikiliza Likasi, Kambove na vijiji vya Lufira. Mungu awatie nguvu.

Nanyi mnaonisikia, kabla hatujaweka wimbo wa kanisa lake, nina neno moja. Katika mtaa wako yuko mtu anayeinua mzigo peke yake, na ukimuuliza atakujibu kwamba yuko mzuri. Vuka ukuta. Shika upande wa pili. Usingoje akuite, maana wengine hawajui kuita.