Usipa wa Msiba Hawakukaguliwa

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wazee wetu, na hamjambo ninyi wengine, mlio mwaloni na mlio huko juu kwenye kahawa. Leo tunamkumbuka Mama Restituta, mkaguzi wa samaki wa mwalo wetu, hapa mitumbwi inaposhusha samaki ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mama Restituta ametutoka wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Tuanze na ukali wake, maana huwezi kumtaja ukauacha. Kanuni inasema usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani, waanikwe juu ya chanja, si mchangani, na wasipakiwe mpaka wakauke. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani miaka mingi, watu wakiipita kama tangazo la mwaka juzi. Akina mama wa mwalo walipomchagua Restituta, mchezo ukaisha. Alikuwa akichota usipa kwenye gunia, anamvunja mmoja mgongoni. Akivunjika kwa mlio, pita. Akipinda, rudi chanjani. Alinusa pia, na waliooza aliwafukia kwa mkono wake. Siku moja padri alituma ndoo, samaki hawajakauka. Ndoo ikarudi parokiani tupu, na ujumbe juu: "Mwambieni Baba asubiri jua kama sisi."

Naye mwenyewe aliuza usipa, na wateja wake wengi walitoka kijiji cha Ukata, huko juu kwenye kahawa. Mmoja wao ni Bonifasia, mkulima wa kahawa. Walizoeana mpaka wakaitana dada. Miaka minne iliyopita, katikati ya mvua, baba yake Bonifasia akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, mwaloni kwetu kuna desturi. Mtu wetu akifiwa, kila mama anatoa bakuli la usipa, na gunia linapelekwa kwa wafiwa. Na samaki wa msiba hawakaguliwi. Ukiingiza mkono kwenye gunia hilo umewatukana waliotoa, na umewatukana waliofiwa. Sasa siku hizo jua lilikuwa halijaonekana siku ya tatu. Herieth, binti yake Mama Restituta, alikuwepo. Anasimulia hivi:

"Mama aliinama juu ya gunia, akaisikia ile harufu. Nilimwona kabisa. Kisha akanipa kamba, akasema, 'Funga, Herieth. Hii ni rambirambi.'"

Gunia likapanda Ukata. Waombolezaji wakala. Watu zaidi ya ishirini waliharisha na kutapika. Wote walipona isipokuwa mmoja, Bibi Emerensiana, mama mzazi wa Bonifasia. Bonifasia alimzika baba Jumanne, akamzika mama Jumapili.

Mama Restituta alisimama kwenye mkutano wa mwalo bila kuitwa. "Nilinusa, nikanyamaza," alisema. "Ni mimi." Tangu siku hiyo gunia la msiba ndilo lilikuwa la kwanza kukaguliwa. Walimsema, jamani, walimsema! Kuna mama alimwuliza mbele za watu, "Hata machozi ya wenzio unayanusa?" Restituta akainama guniani. Alivunja usipa wake mgongoni, akasikiliza. Leo hakuna tena anayebisha.

Lakini Ukata hakwenda. Nasema tena, kwa miaka minne hakwenda Ukata. Salamu za pole alituma kwa watu. Kila mwaka alisema akishavuna mpunga atapanda gari kwenda kwa Bonifasia. Mwaka jana alijikaza, akavaa, akafika Mbinga mjini, njiani kwenda Ukata. Akakaa stendi mpaka saa nane mchana, kisha akapanda gari la kurudi.

"Nikamwuliza, Mama, vipi tena?" anasema Herieth. "Akaniambia, 'Nikipiga hodi, nani atanikaribisha?' Akaenda kugeuza samaki wake."

Mimi ninayewasimulia, hapo ndipo panaponiuma.

Bonifasia alishuka kuja kuzika. Alisimama nyuma kabisa, mtandio kichwani. Tulimwomba aseme neno, akasema:

"Nilijua alifanya vile kwa kutuheshimu. Ningekuwa mimi, lile gunia nisingeligusa. Nilimkasirikia kwa jambo moja tu: mbona haji? Kila gari likisimama pale barabarani, nilichungulia. Nilimsamehe hata arobaini ya mama haijafika. Nilitaka nimwambie mwenyewe, uso kwa uso, si kwa kutumiana watu. Sasa nimwambie nani?"

Herieth alikuwa karibu, akasikia. Alijifunika uso kwa kanga, akakaa chini palepale.

Pole sana Herieth, pole kwa ndugu wote na kwa akina mama wa mwalo. Na wewe Bonifasia, pole ya mara ya tatu. Mungu ampumzishe Mama Restituta kwa amani.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Labda ipo nyumba unayoikwepa, unazunguka njia ndefu usionekane na mwenye nyumba. Leo bado yupo, na anaweza kukujibu. Zima redio, uende.