Dhamana ya Masharubu

Benchi la mkahawa wa Kadem limekaa kwenye kona, mgongo umeegemea ukuta wa kinyozi Nafiz, uso unatazama dirisha la mkahawa. Televisheni iko humo dirishani, imewapa kisogo wateja wa ndani, kwa sababu wateja wenye maneno hukaa nje na Kadem anajua nani humaliza kahawa yake. Siku hiyo mvua ya Giresun, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, ilikuwa inanyesha kwa mazoea yake, haina haraka wala haina nia ya kukoma, na chini ya bati la kibaraza watu walikuwa wanavunja findiki kwa meno na kutema maganda. Findiki ndiyo njugu inayoulisha mji huu. Mavuno yake yalikuwa yamekwisha, mikono imepata nafasi, na nafasi ya mikono huwa kazi ya mdomo. Katikati ya benchi alikaa Niyazi, akiyashikashika masharubu yake kama mtu anayeaga.

Asili ya balaa ni majira ya baridi yaliyopita. Katika *Lindo la Pili*, tamthilia ya polisi ambayo mji umeifuata mpaka waliozaliwa ilipoanza sasa wanaota ndevu, Inspekta Seyfi alipanda mashua kule Istanbul, mashua ikalipuka. Wiki iliyofuata jeneza likapita, limefunikwa bendera. Mkahawa mzima ulilia. Bekir peke yake ndiye aliyesema, huyu hajafa. Niyazi akainuka. Yeye ndiye mwosha maiti wa mtaa, na jeneza lenye mtu na jeneza tupu anayajua kwa jinsi mabega ya wabebaji yanavyolala. Lile, alisema, lina mtu. Akashika masharubu yake, meusi tii, aliyoanza kuyafuga jeshini, akaapa kwamba Seyfi akirudi, Nafiz ayanyoe palepale benchini. Mkewe Makbule akakaanga halua ya msiba, benchi likala, wengine wakimeza halua na machozi pamoja.

Sasa ilikuwa imetangazwa tamthilia mpya iliyozaliwa na ile kongwe, *Lindo la Bandarini*. Katika tangazo kulikuwa na mwanamume amesimama gatini, ametupa mgongo, anahesabu tasbihi kwa mkono wa kushoto. Mji mzima unaijua tasbihi ile ya Seyfi. Na sehemu ya kwanza ilikuwa jioni hiyohiyo.

— Kahawa ya marehemu! Kadem alipaza sauti, akamwekea Niyazi kikombe na gilasi yake ya maji. Marehemu masharubu, kaka, usinielewe vibaya. Wewe uishi sana.

— Cheka tu, alisema Niyazi. Mgongo si mtu. Hata mimi nikigeuka nafanana na gavana.

— Ukigeuka unafanana na Niyazi aliyegeuka, alidakia Bekir. 

Bekir aliendesha lori maisha yake yote, na tangu astaafu ameirudia *Lindo la Pili* tangu sehemu ya kwanza, mpaka wakambatiza Kamishna.

— Na ile tasbihi je? aliendelea. Aliyesimama gatini kaazima ya nani?

— Tasbihi zinauzwa.

— Na kisogo? aliuliza Nafiz, kichwa amekitoa mlangoni kwake, kitana mkononi. Kisogo nacho kinauzwa? Mimi kinyozi, bwana. Nyie watu mnawajua kwa sura, mimi nawajua kwa nyuma. Kile kisogo ni cha Seyfi. Kina kijishimo upande wa kulia, hata nikifumba macho nitakinyoa!

— Basi tumekwisha, alisema Niyazi, na benchi likaangua kicheko.

Mzee Hilmi hakucheka. Alifundisha jiografia mikoa minne kabla ya kurudi kwao, anaitwa Profesa, na methali kwake ni kama chumvi kwa mpishi mgeni.

— Tulieni tulitazame jambo kielimu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Je, maiti ya Seyfi ilielea?

— Haikuelea, alijibu Bekir.

— Basi haikuundwa! Na kisichoundwa hakifi!

— Profesa, alisema Niyazi, hiyo methali ni ya vyombo vya majini.

— Na yeye alikuwa kapanda nini? Punda?

Hapo Bekir alishindwa kujizuia, akasimama na kikombe mkononi, kahawa ikamwagikia kiatu.

— Sikilizeni! Mimi nimeshaliona tangu zamani. Seyfi aliruka kabla mashua haijalipuka. Kuna sekunde kamera inaonyesha maji upande wa nyuma, yanatikisika. Maji hayatikisiki bure! Alikwenda kujificha, kwa sababu mkuu wao ndiye mla rushwa. Ile *Bandarini* ndiyo maficho yake!

— Maficho gani yanatangazwa kwenye televisheni? aliuliza Niyazi.

— Ndo ujanja wenyewe! Mwizi akitafuta mtu atatafuta gizani.

— Mimi nasema ni pacha, alisema Kadem, sinia kifuani. Mama yake Seyfi pale kwenye msiba alilia kwa jicho moja. Mliliona? Jicho la pili lilikuwa linajua!

— Pacha! alifoka Nafiz. Na kijishimo cha kisogoni nacho pacha?

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, alitamka Hilmi.

— Sasa unamtukana mamake Seyfi?

— Namsifu! Kazaa wawili sawasawa! Profesa alijisogeza ukingoni mwa benchi, macho yamemtoka. Lakini mnacheza ufukweni, na mimi nimekwenda kilindini. Itakuwaje ikiwa *Lindo la Pili* yote ni ndoto? Seyfi yuko hospitali tangu sehemu ya kwanza, amepigwa risasi, anaota. Kituo, wezi, mashua, vyote ndoto. *Bandarini* ndiyo kaamka!

— Mungu wangu, alisema Kadem, akakaa chini akiwa bado na sinia.

— Tena zaidi! Itakuwaje ikiwa sisi ndio tunatazamwa? Kila wiki tunakaa hapahapa, maneno yaleyale, mvua ileile. Nani anaweza kuapa kwamba Seyfi hayuko kwake saa hii, anavunja findiki, anatutazama sisi?

Nafiz aligeuka haraka akatazama nyuma yake. Benchi zima likageuka naye. Ukutani palikuwa na bei za kunyoa tu.

— Kama ananitazama, alisema Niyazi, basi anajua nilivyomlilia.

Alikuwa anataka kufanya mzaha, lakini sauti ilimtoka nzito, akajifanya anapuliza kahawa. Kweli alilia. Kazi yake ina siku zake mbaya. Siku ameosha kijana, au rafiki, alikuwa anarudi nyumbani chakula hakipiti. Makbule anasukuma sahani, yeye anasukuma inarudi. Halafu *Lindo la Pili* inaanza, kesi ngumu, watu wamenuna, na Seyfi anaingia kituoni na mvua mabegani na swali lake lilelile la miaka yote: “Nani hajala?” Niyazi alikuwa anavuta sahani. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

— Mimi ugomvi wangu si masharubu, alisema baadaye. Masharubu yataota. Ugomvi wangu, mtu tumemzika, halua tumekula, halafu anarudi kutafuta bahari mpya na wenzake wapya. Wale wa kituoni amewaacha na nani? Tamthilia mama iko hai, mtoto anakuja kurithi nini?

— Hujui kitu, kaka, alijibu Bekir, na safari hii alisema taratibu. Unafikiri tunaipenda kwa bastola? Bastola ziko kila chaneli. Tunaipenda kwa sababu Seyfi akimfunga mtu pingu na mvua inanyesha, kwanza anamvisha koti lake. Sasa koti hilo likihamia bandarini, mimi nalifuata. Hata likihamia mwezini.

— Na mama?

— Mama siku yake, mtoto siku yake. Wiki ina siku saba!

— Siku njema huonekana asubuhi, aliongeza Hilmi.

— Tamthilia ni jioni, Profesa.

— Ndiyo maana nina wasiwasi nayo.

Walikuwa bado wanacheka alipoingia chini ya bati imamu mpya wa msikiti wa mtaa, kijana wa Konya, mwembamba, mwavuli umegeuka nje ndani kwa upepo. Hata wiki alikuwa hajamaliza mjini, na televisheni hana. Walimpisha nafasi, Kadem akamletea kahawa.

— Endeleeni, wazee wangu, nisiwakatize.

Hawakuhitaji kuambiwa. Bekir alikuwa tayari amerudi kwenye jeneza na bendera, Kadem kwenye jicho la mama mtu, Nafiz kwenye halua ya Makbule iliyokuwa na siagi mpaka ikang'aa. Kijana alisikiliza, kikombe akakiweka chini kwa adabu, uso umeingia huzuni.

— Mungu amrehemu, alisema. Inaonekana alikuwa mtu wa watu. Samahanini, mimi ni mgeni. Nani alimwosha?

Findiki zikakwama menoni. Bati lilisikika.

— Alimwosha nani? aliuliza Bekir.

— Huyo marehemu Seyfi. Jeneza limebebwa, halua imeliwa. Lazima kuna aliyemwosha.

Bekir alifumba macho, akaipitisha sehemu ile kichwani tangu mwanzo: mlipuko, king'ora, mama analia, jeneza. Akairudia. Kadem alitazama dari. Hilmi alifungua mdomo, methali haikuja, akaufunga. Mmoja baada ya mwingine wakamgeukia Niyazi.

Niyazi aliyaachia masharubu yake. Maisha yake yote, akiletewa habari ya msiba, swali lake la kwanza ni hilo: ameshaoshwa? Kabla ya pole, kabla ya kuuliza ilikuwaje. Kwa Seyfi peke yake hakuuliza. Alitazama mabega ya wabebaji akajiona fundi, na machozi yakamziba yaliyobaki.

— Hakuoshwa, alisema. Na maiti haizikwi bila kuoshwa.

— Ehee! alianza Bekir, mkono juu, ushindi alioungoja tangu baridi. Kisha akaushusha mkono, maana Niyazi alikuwa anacheka na machozi yanaingia masharubuni.

— Kadem! Televisheni hii alinunua baba yako, sehemu ya kwanza akatugawia kahawa ya bure. Nilimwosha. Nafiz, kaka yako Tevfik alikaa hapo unapoegemea, akimpigia Seyfi kelele atazame nyuma, jambazi huyo anakuja. Nilimwosha. Sabri wa posta, nilimwosha. Nyie mlikuwa hamjaja. Huyu barabarani na lori lake, huyu kwenye mashule, wewe Nafiz na Kadem mko jeshini. Benchi lile la kwanza nimeliosha lote kwa mikono hii. Tulibaki mimi na Seyfi. Na Seyfi sijamwosha! Hakuna aliyemwosha!

— Huyu Seyfi ni wa ukoo gani? alinong'ona imamu. 

Kadem alikuwa anafuta sinia kavu.

— Nafiz, lete wembe.

— Ngoja kwanza, kaka, alisema Nafiz. Haijaanza. Huenda si yeye.

— Ndiyo maana nataka sasa hivi. Akija asinikute nabisha.

Nafiz alileta taulo, sabuni na brashi, wembe akaunoa kwa uangalifu kuliko siku aliyomnyoa bwana harusi wake wa kwanza. Povu likapanda. Dirishani tangazo la mwisho likapita, skrini ikawa nyeusi, na muziki mgeni, wa bahari, ukaanza chinichini.

— Mwenzako akinyolewa, alisema Hilmi kwa sauti ndogo, zako tia maji.

Ilikuwa mara ya kwanza methali anaipatia mahali pake, na hakuna aliyecheka. Bekir, aliyeshinda, alichovya vidole kwenye gilasi yake ya maji, akayalowanisha masharubu yake mwenyewe, kulia kisha kushoto, akasogea karibu na Niyazi kungoja zamu.

— Ongeza sauti, Kadem, alisema Niyazi ndani ya povu.