Nyumba Yenu Ilipakana na ya Nani?

Arlène alikuwa amekwisha kuandika tangazo la kulifunga kundi la kijiji chao mtandaoni na kuwahamishia watu kwenye mtandao mwingine. Kilichobaki ni kulituma. Minibasi ilikuwa imetoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ikielekea Lilongwe, na mbele ya Arlène abiria wawili waliotambuana muda mfupi uliopita walibishana juu ya kundi hilohilo, bila kujua kwamba msimamizi wake amekaa nyuma yao.

"Tuhame, mama," alisema mwanamume, fundi cherehani. "Tangu babadilishe ule mtandao, habari zinakuja vile mashini inapenda. Kilio ya Mama Byamungu niliiona siku ya tano. Bantu balishazika!"

Arlène mwenyewe aliiona habari ya msiba huo siku ya sita. Ndiyo sababu ya tangazo lake.

"We hama, papa. Mi nabaki. Siku ya kuingia mu kundi balikuuliza nini?"

"Nyumba yenu ilipakana na ya nani. Nikajibu, ya katekista, upande wa mashini ya mihogo."

"Njo vile! Bantu mia tatu balijibu. Kijiji iliungua yote, iko mule tu, mlango kwa mlango. Utaibeba na nini, cherehani?"

Fundi alicheka, kisha akauliza polepole, "Na kilio ingine ikikuja?"

Arlène alilitafuta kwenye simu jibu lake mwenyewe la swali lile la kuingia, la miaka minane iliyopita: *Yetu ilipakana na ya Mama Byamungu.*

Gari lilisimama Mchesi, mtaa wa Lilongwe. Wale wawili walishuka wakibishana, na tangazo lilikuwa bado halijatumwa.